Kuku Husikia Tena, Sisi Je? Maswali na Majibu ya Wasomaji

Katika toleo lililopita, nilipokuwa nikimjibu msomaji aliyeuliza kwa nini spika za matatu humwacha na masikio yanayovuma hadi usiku, niligusia kwamba seli za kusikia zikifa katika sikio la binadamu hazirudi, ilhali kwa kuku huota upya. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko majibu mengine yote ya toleo lile. Zimetoka Njoro, Bungoma, Kisumu na Kakamega, na kwa kuwa zote zinazunguka jambo moja, safu nzima ya leo nimeiachia jambo hilo.

Swali: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mfugaji wa kuku wa mayai huku Njoro, Kaunti ya Nakuru. Umeandika kwamba kuku aliyepoteza usikivu husikia tena, na mimi katika ufugaji wangu sijapata kuliona jambo hilo. Vifaranga wengine hunifikia wakiwa wameshadungwa gentamisini, dawa ya kuua bakteria, kule wanakoanguliwa, na daktari wa mifugo aliwahi kuniambia kwamba dawa hiyo huharibu masikio. Je, huwa wanakuwa viziwi kisha wanapona? Na hizo seli mpya hutoka wapi?

Jibu: Ndugu mfugaji, nianze na vifaranga wako. Dozi ya gentamisini anayodungwa kifaranga wa siku moja ni ndogo sana ikilinganishwa na zile za maabarani, ambako watafiti waliwadunga vifaranga dozi kubwa, mara nyingi kwa siku kadhaa mfululizo, kwa kusudi hasa la kuua seli za kusikia. Usiwe na hofu kwamba unaletewa viziwi. Hata hivyo daktari wako alisema kweli: gentamisini, pamoja na dawa za jamii yake kama streptomisini, kanamisini na amikasini, inaweza kupenya ndani ya seli hizo na kuziua, kwa kuku na kwa binadamu vilevile. Tofauti yetu na kuku huja baada ya hapo.

Mshike kuku wako mmoja mpole, umpulizie taratibu manyoya yaliyo nyuma ya jicho na chini kidogo, juu ya kile kipande cha ngozi chekundu au cheupe. Utaona tundu la mviringo, nalo limefunikwa na manyoya mepesi kuliko mengine yote ya kichwani ili sauti ipite bila taabu. Ndani yake kuna kiwambo, kisha kifupa kimoja tu, ilhali sisi tuna vitatu, kisha sikio la ndani lenyewe, ambalo ni kibomba kilichojaa majimaji, chenye urefu wa milimita chache na kilichopinda kidogo. Chetu kimejiviringa mara mbili na nusu, na kikinyooshwa hufikia milimita 35 hivi.

Ndani ya kibomba hicho umetandazwa ukanda wa seli, na juu ya kila seli ya kusikia kuna kishada cha vinyweleo vilivyopangwa kwa ngazi, vifupi mbele ya virefu. Kwa sababu ya vishada hivyo zinaitwa seli za vinyweleo, ingawa havihusiani kabisa na nywele za kichwani. Sauti inapoyatikisa majimaji, kishada huegemea upande mmoja. Nyuzi nyembamba mno zinazounganisha ncha za vinyweleo huvutwa na kufungua vilango. Chembe za potasiamu zenye chaji huingia ndani ya seli, nayo seli huiamsha neva inayoelekea kwenye ubongo. Sauti hafifu kabisa hukisogeza kishada kwa umbali unaokaribia upana wa atomu chache tu. Hebu fikiria chombo chepesi kiasi hicho kikipigwa na dawa kali au kelele za saa nyingi.

Umeuliza seli mpya hutoka wapi: hutoka kwa majirani. Kila seli ya vinyweleo imezungukwa na seli saidizi, ambazo hazisikii chochote. Kazi yao ni kuishikilia mahali pake, kuihudumia na kuyaweka sawa mazingira yake. Maadamu seli ya vinyweleo iko hai, huwapelekea majirani hao ishara inayopokewa na protini iitwayo Notchi, na ishara hiyo huwazuia wasigeuke kuwa kama yenyewe. Mkulima wa migomba ataelewa upesi, kwa maana shina kuu likiwa limesimama machipukizi hubaki madogo pembeni, na likikatwa mojawapo huinuka na kushika nafasi yake. Kwa kuku, seli ya vinyweleo iliyoharibika husukumwa nje ya ukanda, seli saidizi huliziba pengo mara moja, na ile ishara ya kuzuia hukatika. Hapo baadhi ya seli saidizi huamsha jeni iitwayo Atoh1 na kugeuka moja kwa moja kuwa seli za vinyweleo bila kugawanyika. Nyingine hugawanyika kwanza, kisha miongoni mwa zao hilo zikapatikana seli za vinyweleo na seli saidizi pia, na kwa njia hiyo ukanda haufilisiki hata ukiharibiwa mara ya pili.

Kazi hii haichukui muda mrefu. Siku 3 hivi baada ya dawa kuanza kudungwa, seli saidizi huwa zimeshaanza kujiandaa kugawanyika, na kufikia siku ya 5 au ya 6 vishada vichanga, vifupi na visivyopangika vizuri, huonekana kwa hadubini ya elektroni. Baada ya hapo ni wiki kadhaa za kukomaa na kuunganishwa upya na neva, na usikivu hurudi hatua kwa hatua. Haurudi ukiwa kamili kila mara, kwani sauti nyembamba, za juu, mara nyingine hubaki na upungufu mdogo, kwa kuwa sehemu inayozipokea ndiyo huharibiwa zaidi na dawa hizi.

Kuna jambo moja hapa ambalo kila nikilifikiria hunistaajabisha. Ukanda wa kusikia wa kuku ambaye hajaumia hutulia kabisa: seli saidizi hazigawanyiki. Lakini kiungo cha mizani, kile kinachouzuia mwili usiyumbe, ambacho kimepakana nao ndani ya sikio lile lile na kinatumia seli za vinyweleo za aina moja na hizo, hakitulii maisha yote ya kuku, maana seli zake hufa na kubadilishwa kila siku hata pasipo madhara yoyote. Sehemu mbili zilizotokana na chimbuko moja, ya kwanza ikingoja mpaka iumie na ya pili isingoje. Hii yatuonyesha kwamba uwezo wa kuota upya waweza kuwapo kimya kimya, na kwamba kutoona seli zikigawanyika hakuthibitishi kuwa haziwezi.

Kukaa kimya huko ndiko kulikowafanya wataalamu wachelewe kuugundua uwezo wenyewe. Ilijulikana tangu zamani kwamba samaki na jamii ya vyura huongeza seli za vinyweleo, lakini hadi katikati ya miaka ya 1980 iliaminika kwamba wanyama wenye damu ya joto huzaliwa na akiba moja tu. Mwaka 1987 Edwin Rubel na wenzake walihesabu seli katika masikio ya vifaranga waliodungwa gentamisini, wakakuta kwamba wale waliochunguzwa wiki 3 baadaye walikuwa na seli nyingi kuliko waliochunguzwa mapema, kinyume cha walivyotarajia. Mwaka huo huo Douglas Cotanche aliwaweka vifaranga kwenye sauti kali kwa saa 48, na siku chache baadaye akaona vishada vichanga mahali palipokuwa pameharibiwa. Bado ilibaki hoja kwamba pengine hizo ni seli za zamani zilizojeruhiwa na kupata nafuu. Mwaka 1988, katika jarida la Science, makala mawili yalimaliza ubishi: Jeffrey Corwin na Cotanche kwa vifaranga, Brenda Ryals na Rubel kwa kware waliokomaa. Waliwapa ndege hao kemikali yenye alama ambayo huingia katika seli pale tu inapotengeneza DNA mpya ili igawanyike, na alama hiyo ikakutwa ndani ya seli za vinyweleo. Kwa hiyo zilikuwa zimezaliwa baada ya madhara kutokea.

Kware hao, ndugu yangu, ni wa jamii moja na wale wanaotegwa mashambani kuanzia Busia hadi Siaya, ambao Waluo huwaita aluru na Waluhya isindu, ila wa maabarani walikuwa wa aina ya kufugwa.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne Bungoma. Ndege anayeimba akipoteza usikivu na kuupata tena, je, huukumbuka wimbo wake? Na kwa nini sisi wanyama wanaonyonyesha tulinyimwa uwezo ambao hata samaki wanao?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Maswali yako yote mawili yamefanyiwa kazi, na la kwanza lina jibu zuri sana.

Finchi wa Bengali, ndege wadogo wanaofugwa vizimbani, huutegemea usikivu wao ili wimbo wao usiharibike hata wakiwa wakubwa. Sarah Woolley na Edwin Rubel waliziharibu seli za vinyweleo za finchi hao, na kwa muda wa wiki moja hivi wimbo ulianza kuvurugika. Seli mpya zilipoota na usikivu kurudi, ndege waliurudia wimbo wao wa awali, maana yake kumbukumbu ya wimbo ilikuwa imehifadhiwa kwenye ubongo muda wote ule ambao sikio halikufanya kazi. Tena baadhi yao, walipowekwa pamoja na ndege wengine, waliiga vipande vya nyimbo za wenzao, jambo ambalo finchi aliyekomaa kwa kawaida halifanyi. Robert Dooling na wenzake walifanya utafiti wa karibu na huo kwa kasuku wadogo wa Australia, wakakuta kwamba usikivu uliporudi, milio waliyoizoea iliwachanganya mwanzoni na iliwabidi wajifunze upya kuitambua. Sikio jipya si nakala halisi ya lile la zamani, na ubongo huhitaji muda wa kulizoea.

Kuhusu samaki, ukienda sokoni Kisumu mtazame ngege ubavuni. Utaona mstari wa vitundu uliokatika vipande viwili, cha mbele kikiwa juu na cha nyuma kikiwa chini zaidi. Chini ya mstari huo kuna seli za vinyweleo za aina hii hii tunayoizungumzia, ambazo humjulisha samaki maji yanavyotikisika kumzunguka. Katika samaki wadogo wenye milia wanaofugwa maabarani, seli hizo zikiuawa kwa dawa, nyingine huota katika siku 2 au 3 tu.

Na kwa nini sisi tumekosa? Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba sikio la wanyama wanaonyonyesha lilichukua njia ya ufundi wa hali ya juu. Kuku husikia hadi mitetemo 7,000 hivi kwa sekunde. Binadamu kijana hufika 20,000, na popo na panya hupita hapo kwa mbali sana. Ili kufika huko, seli saidizi zetu ziligeuka kuwa nguzo na mihimili migumu ya umbo maalumu, ambayo isipokaa sawasawa sikio haliwezi kupokea sauti za juu. Seli iliyojenga nguzo ndani yake haigawanyiki kwa urahisi, na ikigawanyika hubomoa mpangilio wote. Usidhani kwamba kuku kwa hilo ana sikio duni. Chini kabisa, kwenye mngurumo mzito ulio chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, yeye husikia mahali ambapo sisi hatusikii kitu.

Niongeze na bundi, ingawa najua wengi nyumbani hawapendi kumsikia. Mwaka 2017 watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, walichapisha vipimo vya bundi weupe wenye uso wa mviringo, wale wanaokaa kwenye maghala na dari za makanisa. Wazee kati yao walisikia vizuri sawa na vijana, akiwemo mmoja aliyefikisha miaka 23. Binadamu wa umri mkubwa kwa kawaida huwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya sauti nyembamba.

Swali: Ndugu Mwandishi, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma na kunyoosha mabati hapa Kisumu, katika jua kali, tangu ujana wangu. Usiku masikio hulia kama kuna kengele. Hotelini kukiwa na watu wengi nasikia wanaongea lakini sielewi wanachosema. Kijana mmoja alinisomea kwenye simu kwamba dawa ya kuotesha seli iko njiani Ulaya. Je, ningoje?

Jibu: Ndugu fundi, hapana, usingoje, na nitakueleza sababu kwa kirefu kwa kuwa swali lako linahusu watu wengi kuliko barua nyingine yoyote niliyoipokea.

Ulizaliwa na seli za vinyweleo zipatazo 15,000 katika kila sikio, zote zikiwa zimeundwa kabla hujazaliwa. Nyundo inayogonga bati na grainda inayokata chuma hupita desibeli 95, kwa kipimo cha ukali wa sauti, kwa urahisi. Kanuni za kazi za Kenya za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku, na wataalamu wengi wa afya hushauri mpaka uwe 85, kwa sababu kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa imeongezeka maradufu. Zinazotangulia kufa ni seli za sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo konsonanti. Ndiyo maana unasikia sauti ya mtu ikiwa na nguvu ya kutosha lakini hutofautishi "pata" na "kata". Na kabla seli hazijafa, viungo vinavyoziunganisha na neva huweza kuharibika, jambo linalofanya mazungumzo ya mahali penye watu wengi yawe magumu zaidi. Ile kengele ya usiku, aghalabu, hutokana na ubongo kukosa ishara uliyoizoea kutoka kwa seli hizo.

Sasa habari za dawa. Habari njema ni kwamba majirani wa seli zako zilizokufa, zile seli saidizi, mara nyingi bado wako hai ndani ya sikio lako. Panya mchanga wa siku chache bado anaweza kuzigeuza baadhi ya seli saidizi kuwa seli za vinyweleo, kisha baada ya wiki moja hivi ya maisha yake uwezo huo hufifia. Watafiti wamevitambua baadhi ya vizuizi, kikiwemo protini iitwayo p27 inayozuia seli saidizi zisigawanyike, na kule kunyamazishwa na mwili kwa ile jeni ya Atoh1. Mwaka 2005 kundi la Chuo Kikuu cha Michigan liliingiza jeni ya Atoh1 katika masikio ya simbilisi (wanyama wadogo wa maabara waitwao "guinea pig" kwa Kiingereza) waliofanywa viziwi, na baadhi ya usikivu ukarudi. Tangu mwaka 1993 inajulikana pia kwamba kiungo cha mizani cha simbilisi huweza kuotesha seli chache chenyewe. Kwa hiyo wanaofanya kazi hii hawafuati ndoto, nami naifuatilia kwa matumaini ya kweli.

Lakini kutoka kwa panya hadi kwa fundi wa Kisumu ni mbali. Mwaka 2021, katika jaribio la dawa inayodungwa kupitia kiwambo cha sikio, watu waliopewa dawa hiyo hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Majaribio mengine yaliyofuata njia ya kuizima ile ishara ya Notchi nayo hayajaleta tiba. Huenda ulichosomewa na yule kijana ni habari ya mwaka 2024 ya watoto wa China waliozaliwa viziwi: 5 kati ya 6 walianza kusikia baada ya kupewa jeni iliyokosekana. Habari hiyo ni ya kweli na ni kubwa, ila watoto hao seli zao za vinyweleo zilikuwa hai tangu mwanzo, zikikosa protini moja tu ya kupeleka ujumbe kwenye neva. Zako zilizokufa hazipo za kuponywa. Tiba itakayokufaa wewe itabidi iumbe seli mpya, izipange mahali pake, izikomaze, na kuziunganisha na neva, na hakuna dawa duniani leo iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Anayekuuzia matone au vidonge kwa jina hilo anakuibia.

Ninachokuomba ufanye wiki hii ni kuzilinda zile zilizobaki, ambazo bila shaka bado ni nyingi. Nunua vizibo vya masikio vya sponji au vifuniko vya kuvaa kichwani, uvivae kila unapowasha grainda na kila jirani yako wa kibanda cha pili anapowasha yake, kwa maana sikio halichagui kelele ni ya nani. Pamba ya kawaida haizuii kelele inavyofaa. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja kutoka ulipo akusikie, tayari mahali hapo ni pa hatari. Kisha nenda upimwe usikivu katika kliniki ya masikio, pua na koo. Kifaa cha kusaidia kusikia kilichorekebishwa kulingana na kipimo chako kitakurudishia sehemu kubwa ya zile konsonanti, na watu wengi huona hata ile kengele ikipungua wanapokivaa.

Swali: Mwalimu, nakuandikia nikiwa na uchungu. Mwanangu wa miaka miwili aliugua homa ya uti wa mgongo hapa Kakamega, akadungwa sindano nyingi, akapona. Sasa nikimwita kwa nyuma hageuki, na akitembea gizani hupepesuka. Jirani anasema ni zile sindano. Mama mmoja sokoni ameniambia nimpe mayai ya kware kila asubuhi, kwa kuwa kware hawezi kuwa kiziwi. Nifanye nini?

Jibu: Mama, pole sana, na hongera kwa kuwa umeyatazama mambo haya mawili pamoja, kuita na kutembea, maana huyu mtoto anahitaji mtu anayemtazama hivyo.

Ugonjwa wenyewe unatosha kuharibu sikio la ndani. Uvimbe wa homa ya uti wa mgongo hufika huko na kuua seli za vinyweleo za kusikia na za mizani pia, na ndiyo sababu mtoto anaweza kuyumba hasa gizani, ambako macho hayamsaidii. Ikiwa miongoni mwa sindano ilikuwamo gentamisini, nayo inaweza kuwa imechangia, hasa kama figo zilikuwa dhaifu. Yapo pia mabadiliko ya jeni yanayorithiwa kwa upande wa mama ambayo humfanya mtu apoteze usikivu hata kwa dozi ya kawaida, kwa hiyo kama kuna ndugu zako wa tumbo moja, au watu wa upande wa mama yako, waliokuwa viziwi baada ya kudungwa sindano, mwambie daktari. Lakini tafadhali usijilaumu wala usiwalaumu waliomdunga. Homa hiyo huua watoto, na dawa hizo ni miongoni mwa zinazowaokoa.

Mayai ya kware ni chakula kizuri, na akiyapenda mpe. Hayatamrudishia usikivu. Miaka ya 2013 na 2014, biashara ya kware iliposhika kasi nchini, mayai hayo yalisifiwa kuwa dawa ya kila maradhi, na sasa naona sifa hizo zimepata nguo mpya kutokana na habari za sikio la kware. Uwezo wa kware uko ndani ya seli zake mwenyewe, katika jinsi jeni zake zinavyoamshwa na kuzimwa. Yai likiliwa huvunjwavunjwa tumboni kama protini nyingine yoyote, na hakuna sehemu yake inayofika sikioni ikiwa na maagizo ya kuotesha seli. Vilevile usikubali atiwe mafuta ya kuku au kitu kingine chochote masikioni, kwa kuwa madhara ya mtoto huyu yako mbali sana nyuma ya kiwambo.

Jambo la haraka ni kipimo cha usikivu, na haraka hiyo ina sababu yake. Baada ya homa ya uti wa mgongo, kile kibomba cha sikio la ndani huweza kuanza kujaa mfupa ndani ya miezi michache, wakati mwingine mapema zaidi. Mtoto aliyepoteza usikivu wote huweza kusaidiwa kwa kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji, ambacho hupeleka ishara za umeme moja kwa moja kwenye neva bila kuzihitaji seli za vinyweleo, lakini mfupa ukishaziba, upasuaji huo huwa mgumu au hushindikana. Kifaa hicho ni ghali na hakipatikani kila mahali, nami sitakuficha hilo. Hata hivyo ni lazima mlango huo uangaliwe kabla haujafungwa. Mtoto wa umri wake hupimwa bila kuhitaji kujibu chochote: vinata huwekwa kichwani, sauti hupigwa sikioni akiwa amelala, na mashine husoma jinsi neva zinavyoitikia. Omba barua ya rufaa kwenda kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali kuu ya kaunti, na wakikwambia mashine hiyo haipo, omba wakuelekeze Kisumu au Eldoret siku hiyo hiyo.

Wakati unasubiri, mpeleke pia katika kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu kinachohudumia watoto wenye mahitaji maalumu katika kaunti yako, ili muanze Lugha ya Ishara ya Kenya bila kungoja matokeo. Kuianza hakutamzuia kutumia kifaa baadaye, na umri huu wa miaka miwili ndio ambao ubongo wake unatafuta lugha kwa bidii kubwa zaidi. Siku ya kwenda kliniki beba karatasi alizopewa alipotoka hospitalini, zenye majina ya dawa alizodungwa, dozi zake na idadi ya siku. Kama hazimo kwenye kijitabu chake, rudi wodini alikolazwa uombe waziandike kutoka kwenye faili, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.